Neno ambalo "kwa mamlaka" halikulitosha

Mwanga, Kigoma
12 Juni

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Mimi na watoto hatujambo. Uliniuliza masomo yangu ya jioni ya Kiingereza yamefikia wapi, nami nitakujibu kwa neno moja lililonikaa kichwani wiki nzima: "authoritatively".

Kulitamka kulinipa kazi. Kwa kuwa sisi tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nililikazia pale kwenye "tive" hadi mwalimu akanirudisha mara tatu: mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwanzo, yenye "th" ile ile ya thamani, na zinazofuata hupita upesi.

Maana ndiyo iliyonisumbua zaidi. Niliandika daftarini "kwa mamlaka", nikaridhika, kwani pale Kiingereza kinapobandika "-ly" mwishoni, sisi mara nyingi hutanguliza "kwa". Lakini mamlaka kwetu yana ofisi, muhuri na amri, ilhali neno hili humweleza pia mtu anayelisema jambo kama mjuzi wake, hata asipokuwa na cheo chochote. Asili yake ni Kilatini, "auctor", yaani mwanzilishi au mtunzi, na humo ndimo lilimotoka pia "author", mwandishi wa kitabu.

Upande huo niliuelewa Jumamosi pale Kibirizi, nilipokwenda kununua dagaa. Vijana walikuwa wakipakia taa na nyavu mitumbwini, na ziwa limetulia kama maji ya beseni. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu, ambaye hana mtumbwi wala si kiongozi wa yeyote pale, aliinua macho akaitazama milima ya Kongo kwa muda, kisha akasema bila kupaza sauti, "Leo msiingie." Hakuna aliyebisha. Taa zikashushwa moja moja.

Usiku ule nilifuta "kwa mamlaka" nikaandika "kwa kauli ya mjuzi", na bado sijaridhika, kwa sababu sasa nimemwacha nje hakimu anayetoa hukumu, ambaye neno hilo linamhusu vilevile. Wewe umefundisha Kiswahili miaka mingi, dada yangu. Ungelifasiri vipi ili libebe pande zote mbili? Nijibu mapema, maana daftarini nimeacha mstari mtupu.

Wako akupendaye,
Rehema