YAH: KUFUNGA SHULE NA MAPISHI YA KIKOREA WAKATI WA LIKIZO

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shule inafungwa wiki hii na ripoti ya maendeleo ya mtoto wako imeambatanishwa na barua hii. Tarehe ya kufungua na utaratibu wa chakula cha mchana kwa muhula ujao viko ukurasa wa mwisho wa ripoti. Naomba usome, usaini, umrudishie mtoto aje nayo Januari. Baada ya hayo, nina ombi moja la likizo.

Watoto wetu wanaijua Korea kupitia televisheni. Wakati wa mapumziko wanaigiza wafalme na majemadari wa tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, na mabinti wa Darasa la Sita wanaimba nyimbo za Kikorea bila kukosea hata silabi. Baadhi yao kila asubuhi wanavuka Daraja la Tanzanite, lililojengwa na kampuni ya Kikorea kwa mkopo nafuu wa Korea Kusini pamoja na fedha za serikali yetu, likaanza kutumika mwaka 2022. Lakini ukiwauliza Wakorea wanaishije majumbani mwao, nani anaanza kula, bibi anashughulika na nini baridi inapokaribia, kimya. Naamini jikoni ndiko pa kuanzia. Mtoto aliyeshika kisu na mwiko huuliza maswali ambayo mbele ya televisheni hayamjii.

Tena wakati wenyewe ndio huu. Mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba huko Korea ni msimu wa kimjang, siku za kutengeneza kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na viungo, ya kulia majira yote ya baridi. Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, hupata baridi ya chini ya nyuzi sifuri, na zamani mboga mbichi zilikuwa haba kwa miezi. Kwa hiyo ndugu na majirani walikusanyika, wakatia kabichi chumvi usiku, asubuhi wakazisuuza na kuzipaka viungo jani kwa jani, kisha kila nyumba ikaondoka na fungu lake. Mitungi ya udongo ilifukiwa ardhini ili kimchi isigande wala isichachuke upesi. Siku hizi nyumba nyingi zina jokofu maalumu la kimchi, lakini mkusanyiko bado upo. UNESCO iliiingiza kimjang ya Korea Kusini katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2013, na mwaka 2015 ikaingiza desturi ya kimchi ya Korea Kaskazini.

Nyumbani mnaweza kuanza na kabichi moja ya kawaida ya sokoni, ya kilo moja hivi. Wakorea nao hutengeneza kimchi ya kabichi ya mviringo. Ikateni vipande, mnyunyizie vijiko vinne vya chakula vya chumvi na kuigeuza mara kwa mara kwa saa moja na nusu, hadi ilegee. Suuzeni mara mbili, muichuje vizuri. Pikeni uji mzito kidogo wa unga wa mchele, uache upoe kabisa, kisha changanyeni humo kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili ya unga kwa kadiri ya watoto wenu, karoti na vitunguu majani. Wakorea wengi huongeza uduvi uliotiwa chumvi. Mkipenda utieni, mkiacha haiharibiki. Paka kwenye kabichi, shindilia kwenye chupa safi ya kioo na uache nafasi juu. Kwa joto la Dar es Salaam siku moja nje inatosha, kisha iingie kwenye friji. Fungueni kifuniko kila siku hewa itoke. Atakayepaka viungo avae glavu, asije akajigusa macho.

Mtoto atasema hii ni achari. Mwambieni aangalie vizuri: hakuna siki wala ndimu iliyotiwa, ila siku ya tatu imekuwa chachu na mapovu yanapanda. Ni bakteria wa kwenye kabichi yenyewe wanaogeuza sukari yake kuwa asidi. Walimu wa Sayansi watalirudia somo hili Januari.

Kwa wale wasiopenda pilipili, mchicha. Wakorea wanaula pia: unachemshwa dakika moja tu, unakamuliwa maji, unachanganywa kwa mkono na kitunguu saumu, chumvi, mafuta ya ufuta na ufuta uliokaangwa. Uwekeni juu ya wali pamoja na karoti, tango na yai la kukaanga, kila kitu upande wake, halafu kila mmoja avuruge bakuli lake. Hiyo ni bibimbap, chakula kinachousifisha mji wa Jeonju. Familia zinazochagua vyakula kwa ajili ya dini hazina shida hapo. Mapishi mengine ya Kikorea yana nguruwe, hivyo someni kwanza mapishi mnayoyapata mtandaoni.

Ninalolisisitiza zaidi ni meza. Kwa Wakorea hakuna anayegusa kijiko kabla ya mkubwa kuanza. Kitu cha mkubwa hupokewa kwa mikono miwili. Bakuli la wali halinyanyuliwi, na kijiko au vijiti vya kulia havichomekwi wima kwenye wali, kwa kuwa hilo hukumbusha chakula wanachowawekea marehemu. Siku mtakayopika, kuleni kwa utaratibu huo tangu mwanzo hadi mwisho, na babu au bibi akiwepo yeye ndiye aanze. Bila hilo watoto watakuwa wamekula kabichi yenye pilipili tu.

Shule ikifunguliwa, kila mtoto aje na ukurasa mmoja kwenye daftari: alipika nini, na nani, na swali gani lilimjia. Chupa za kimchi zibaki nyumbani, maana gesi yake inaweza kuipasua chupa ndani ya begi kwenye daladala. Asiyepata nafasi ya kupika asiwe na wasiwasi. Tutapika pamoja shuleni karibu na Seollal, mwaka mpya wa Kikorea kwa kalenda inayofuata mwandamo wa mwezi. Wazazi wenye kuweza kuja kusaidia siku hiyo wamwone mwalimu wa darasa.

Nawatakia likizo njema.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu