Barua kutoka Montreal: Sauti Mbili za Mwaka 1956

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kuwa waraka huu utakukuta ukiwa buheri wa afya, pamoja na Mama Mdogo na wadogo zangu wote. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baridi.

Uliniuliza ninasikiliza nini majira haya ya theluji. Ni albamu kongwe ya jazi iitwayo Ella and Louis, ambayo waimbaji wa Kimarekani Ella Fitzgerald na Louis Armstrong waliirekodi Hollywood mwezi Agosti 1956. Mtayarishaji wao, Norman Granz, hakuwaitia bendi kubwa, bali wapigaji wanne tu: Oscar Peterson, mzaliwa wa mji huu ninaoishi, kwenye piano, Herb Ellis kwenye gitaa, Ray Brown kwenye besi na Buddy Rich kwenye ngoma. Kwa kuwa ala ni chache na zinapigwa kwa upole, sauti za waimbaji zinasikika kana kwamba wamo humu chumbani, na ule mkwaruzo wa koo la Louis, ambao mtu angedhani utaiharibu sauti nyororo ya Ella, ndio hasa unaoifanya ipendeze zaidi. Katika wimbo wa Cheek to Cheek, Louis anatangulia na Ella anapokea, wala hakuna anayetaka kumfunika mwenzake. Hata tarumbeta ya Louis, ambayo akitaka huivumisha ukumbi mzima, hapa anaipuliza kwa kujizuia.

Wewe uliyetufundisha vina na mizani utashangaa kusikia kwamba wimbo wa Moonlight in Vermont hauna vina, lakini namna Ella anavyouimba sikio halidai kitu. Nadhani malenga wetu wangeukataa ukiwa karatasini.

Lipo na jambo jingine: huyo Ray Brown alikuwa mume wa Ella, na walikuwa wameachana tangu 1953. Nyimbo zote hizi za mapenzi Ella anaziimba huku mtalaka wake akimpigia besi, tena kwa utulivu mkubwa. Tangu nilipolijua hilo, ninaifuatilia besi kuliko ala nyingine yoyote.

Utalipenda na jalada: wamekaa tu kwenye viti, Ella na gauni la kawaida, Louis na soksi zake amezikunja, bila madoido yoyote ya kistaa.

Santuri nimempa shemeji anayerudi mwezi ujao. Ikiwa mashine ya marehemu Babu bado inazunguka, anza na upande wa pili, ndiko uliko Cheek to Cheek, na Mama Mdogo awepo.

Wasalamu,
Mwanao