Shukrani kwa mzee wa kofia ya ukili, Kilindoni, kisiwani Mafia

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako sikuuliza. Nakujua kwa kofia ya ukili na kandambili zisizofanana. Wiki nzima oili ya mashine ya boti yangu ilikuwa inapanda kwenye stiki ya kupimia badala ya kushuka, nami nikafurahi kwamba mashine hainywi oili. Ujinga wangu! Wewe ulichomoa stiki, ukanusa, ukasugua oili kati ya vidole viwili: nyepesi, inanuka dizeli. Ukadondosha tone kwenye kipande cha boksi, ukasema tukanywe kahawa kwanza. Tuliporudi, katikati doa jeusi, na pembeni duara la dizeli limetambaa.

Fundi wa kwanza alitaka ninunue nozeli zote, zile za kupulizia dizeli ndani ya mashine. Wewe ukafungua pampu ndogo ya kuvuta dizeli, ukanionyesha mpira wake wa ndani umechanika. Dizeli ilikuwa inapitia hapo na kushukia kwenye oili. Mpira mpya, oili mpya, filta, basi. Ningeendelea vile, beringi zingekwisha.

Hela ulikataa, ukachukua samaki wawili tu, changu. Ahsante sana, mzee. Ukipita tena gatini, kahawa iko juu yangu.