Betri ya moyo isiwe mwisho wa matibabu

Ndugu Mhariri,

Habari za wagonjwa wanaowekewa betri ya moyo (kifaa kidogo kinachousaidia moyo kupiga kwa kuupa umeme) hapa nchini huishia mara nyingi pale mgonjwa anapotoka wodini akitabasamu. Naandika kuhusu yanayoweza kufuata.

Kwa kawaida waya wa betri hufika kwenye chemba ya chini ya kulia. Umeme ukianzia huko, upande wa kulia hujikunja kabla ya wa kushoto. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wanaotegemea betri karibu kwa kila pigo, moyo hutanuka polepole hadi ukashindwa kusukuma damu ipasavyo. Sisemi betri ni mbaya. Bila hiyo wengi wasingekuwa hai. Shida ni kwamba dalili hufanana na uzee. Mama yangu mdogo alivimba miguu miezi mingi, nasi tukawa tunamkanda kwa mafuta ya nazi.

Kukagua chaji ya betri pekee hakutoshi. Napendekeza Wizara ya Afya iagize wagonjwa wanaotegemea sana betri wapimwe eko (picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti) angalau mara moja kwa mwaka. Moyo ukionekana kudhoofika, zipo dawa, na upo uwezekano wa kuongeza waya ili chemba zote mbili za chini zipige pamoja. Vilevile kadi ya mgonjwa itaje kwa Kiswahili dalili za hatari: kuvimba miguu, kukosa pumzi akilala chali, na uzito kupanda ghafla.

Msomaji wenu,
Tanga