Ami, hiyo nayo ni kazi

Ami yangu,

Assalaam aleikum. Juzi pale barazani ulinikuta na daftari na kalamu tatu mbele ya televisheni, naandika hesabu ya mechi ya kriketi mpira kwa mpira, ukauliza watu wakisikia: "Na hiyo nayo ni kazi?" Lamu nzima ikacheka. Nami nikacheka, kwa heshima yako.

Tarehe 4 Oktoba 1996, hapo Nairobi, kijana wa Pakistan, Shahid Afridi, aliwapiga Sri Lanka mikimbio mia, yaani alama mia, kwa mipira 37. Rekodi hiyo ya mechi za kimataifa za siku moja haikuvunjwa hadi siku ya mwaka mpya 2014, Corey Anderson wa New Zealand alipotumia 36. Sasa nambie, Ami: uwanja unapiga kelele, mipira inaruka nje, nani alijua ni 37 na si 38? Wewe ulihesabu boriti za mikoko kwa korija. Ukiruka moja tu, tajiri asikilize udhuru gani?

Waandishi wa hesabu huwa wawili, mmoja wa kila timu, na hesabu zao lazima zilingane. Mwamuzi akitoa ishara, mwandishi huinua mkono kumjibu, ndipo mchezo uendelee. Mpira usiozaa kitu ni nukta. Ova, yaani zamu ya mipira sita, ikipita kavu bila mkimbio, nukta zote sita huunganishwa kwa mstari zikawa herufi M. Hiyo M ndiyo raha yangu, usinicheke tena.

Bill Frindall wa Uingereza aliishika kalamu hii kwenye redio ya BBC tangu 1966 hadi alipofariki Januari 2009. Ndevu zake zilimpa jina la utani, lakini watangazaji walipobishana, yeye ndiye aliyefungua makaratasi. Kabla yake Bill Ferguson wa Australia alichora mstari wa kila mpira ulikokwenda, mchoro kama miale ya jua. Televisheni inauonyesha mpaka leo kana kwamba imeuvumbua yenyewe.

Mimi bado mwanafunzi. Siku ile uliyonicheka, umeme ulikatika ova ya 31, na daftarini pana visanduku vitupu. Sikuvijaza kwa kukisia. Vinaniuma kila nikifungua ukurasa.

Basi ukipita Jumamosi, Ami, karibu ukae. Ila usiniulize kitu mpira ukiwa njiani. Ova ikiisha, nitakumiminia kahawa.

Mwanao