Saluni kwa jina la msusi wangu: nikubali?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa Mombasa. Mume wangu ni mhandisi wa mkataba, na kazi yake ndiyo iliyotuleta Dodoma na watoto wetu. Mwajiri wake ametupangia nyumba Iyumbu, upande wa Chuo Kikuu. Nyumba haina kasoro: ukuta mrefu, geti linalojifungua lenyewe, tangi la maji la akiba, mlinzi wa usiku. Ndugu zangu nikiwapigia simu ya video huniambia niwazungushie sebule waione, kisha wanasema nimeula. Ni kweli, shida ya kula sina. Shida yangu ni kwamba sina kazi, sina watu, na sasa nimeletewa jambo linaloweza kunipa vyote viwili au kututoa nchini.

Majirani zangu wengi ni watumishi wa serikali waliokuja kutoka Dar es Salaam baada ya ile amri ya 2016 ya serikali kuhamia huku. Mchana wako ofisini kwao Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Ijumaa, wenye familia Dar wanawahi treni ya SGR na usiku huohuo wanalala kwao. Mtaa unabaki kwa walinzi, wadada wa kazi na mbwa. Wageni wenzangu ni wachache, maana balozi nyingi bado ziko Dar, na hao wachache wana magari yao na ratiba zao. Tunapungiana mikono kwenye vioo basi. Nimezaliwa na kukulia Mji wa Kale, ambako ukiunga mchuzi nyumba ya tatu wanajua umetia nini. Huku, Idi moja, nilimpelekea jirani sinia la biriani. Mlinzi akalipokea getini. Kesho yake sinia likarudi limeoshwa, likiwa na zabibu juu yake, na mwenyewe mpaka leo sijui sura yake. (Zabibu zilikuwa tamu, sikatai.)

Aliyenitoa katika upweke huo ni msusi. Ni Mgogo wa Chamwino, mkubwa kwangu kidogo kwa umri, na ana mikono ambayo hata Mombasa ningemwajiri bila kumuuliza cheti. Huja na bodaboda, mfuko wa rasta mgongoni, anasuka huku anasimulia. Yeye ndiye aliyenipeleka soko la Majengo, akanifundisha kuwaitikia kina mama pale, akanipikia ugali wa uwele na mlenda. Mimi nikamwonyesha mambo ya kwetu: piko ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, hina, singo ya kumsugua biharusi mwili. Akaanza kuniletea maharusi nyumbani, mmoja mmoja, wa sendofu na wa ndoa. Nilikuwa nawapamba bure, kwa kupenda tu, maana kazi hiyo ndiyo niliyoiacha Mombasa. Saluni yangu ya kule sasa anaiendesha mdogo wangu.

Sasa sikiliza, Shangazi. Mimi nipo hapa kama mtegemezi wa mume wangu. Kuajiriwa siwezi bila kibali cha kazi. Nikawa nawaza nifuate njia ya mwekezaji, nifungue saluni ya maharusi kwa jina langu. Mara, Julai 2025, ikatoka amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na saluni imo, isipokuwa iwe hotelini au kwa ajili ya utalii. Asiye raia akipatikana, faini haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, na viza na kibali cha kuishi vinafutwa. Raia aliyemsaidia naye ana lake: faini ya milioni 5 au miezi mitatu.

Kwetu Kenya watu walipiga kelele, ati tuna soko la pamoja la Afrika Mashariki tangu 2010. Mie sikupiga. Wafanyabiashara wa Kariakoo wamelalamika miaka mingi kuhusu wageni wanaouza rejareja vitu ambavyo mwenyeji anaviweza, na ningekuwa mimi ningelalamika vilevile. Ila sijui hina yangu ilimnyima nani riziki.

Msusi wangu hakutetereka. Aliniambia hivi: "Dada, tuandike kwangu. Leseni yangu, TIN yangu, mkataba wa fremu wangu. Wewe toa mtaji, faida tugawane. Nani atajua?" Na si maneno matupu. Amekopa kwenye kikoba chake, ameshalipa kodi ya miezi ya mwanzo ya fremu moja Ilazo. Kiti cha kuoshea nywele ameshakichagua, anasubiri hela yangu.

Mume wangu hataki hata kusikia. Anasema kwenye karatasi mimi ndiye mtegemezi, lakini nikikamatwa tutafungasha sote, kwa kuwa mwajiri wake hatataka kesi. Mkenya mwenzangu hapa mjini ananicheka, anasema watu wanafanya hivyo kila siku na mji haujaanguka.

Mimi kinachoninyima usingizi si faini peke yake. Biashara ya namna hiyo haiwezi kuwa na mkataba, maana ukiuandika umeandika ushahidi wa kosa. Kwa hiyo siku msusi akinidhulumu, nitanyamaza. Na siku mimi nikimdhulumu yeye, atanyamaza pia, tena yeye ana deni la kikoba shingoni. Hilo la pili halimpitii akilini kabisa. Ananiamini kwa sababu nakaa kwenye nyumba yenye geti.

Nimewaza pia nimkopeshe tu, bila riba, kwa maandishi, saluni iwe yake mia kwa mia, anirudishie kidogokidogo. Mume wangu hapo analegea. Lakini msusi anasema maharusi wanakuja kwa ajili ya hina yangu, na bila mimi fremu ya Ilazo ni saluni kama nyingine zote. Nikienda kumsaidia Jumamosi, nikashika brashi, mimi ni rafiki aliyekuja kusalimia au ni mgeni anayefanya kazi bila kibali? Nikikaa nyumbani nisiende, nimempa hela nikamnyima kile alichokopea.

Wengine wananiambia niombe uraia, kwa kuwa bibi yangu mzaa mama ni wa Tanga. Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili, na mkataba wa mume wangu una mwisho. Siwezi kuacha uraia wa Kenya kwa ajili ya saluni.

Shangazi, naomba unisaidie, na wasomaji waliowahi kuishi nchi ya watu wanisaidie pia. Huo mkopo ni njia safi kweli, au ni ujanja uleule niliouvisha nguo nyingine? Na je, nilipe nusu ya deni lake la kikoba hata kama nitajitoa, ikiwa alikopa kabla sijamjibu? Anakuja Jumamosi kunisuka na atataka jibu. Nataka kumwambia ukweli bila kumpoteza, kwa sababu huku Iyumbu sina mwingine.

Dada wa Mombasa,
Dodoma