Kabla hujaziba EGR: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Umeuliza kama uzibe EGR ya vani yako ya dizeli, ile valvu inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye njia ya hewa, kwa kipande cha bati ili njia ya hewa isijae masizi tena. Usizibe. Hamu yako ya kuibadilisha injini naikubali, ila umeshika upande usiofaa. Masizi yanayorudishwa na EGR ni unga mkavu, na yangekuwa peke yake mengi yangepita hadi silindani na kutoka na moshi. Kinachoyagandisha ni ukungu wa oili unaotoka kwenye tumbo la injini, kule kranki inakozunguka. Gesi inayopenya kwenye ringi za pistoni hushuka huko, huchanganyika na matone madogo ya oili, hupanda hadi tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, kisha mpira wa kupumulia huipeleka kabla ya turbo ivutwe tena na injini. Oili hiyo hulowesha kuta za manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwa silinda, masizi yananasa, joto linaoka, na tabaka jingine linakuja juu yake. Ukiiondoa oili, masizi hayana gundi.

EGR ina kazi yake. Hupunguza oksijeni silindani, moto hauwi mkali mno, na oksidi za nitrojeni hupungua. Kuiziba ni kosa kisheria katika nchi nyingi. Tena kompyuta ya injini hulinganisha hewa inayopimwa na ile inayoitarajia. Isipoona upungufu EGR inapofunguka, huwasha taa ya injini, na wakati mwingine hupunguza nguvu. Basi iache EGR, ushughulike na oili kwa kopo la kuinasa, linalofungwa kwenye njia ya mpira wa kupumulia.

Kabla ya kununua kitu chochote, hakikisha injini haizalishi uchafu kupita kiasi. Kifuniko cha kujazia oili kifungue taratibu injini ikiwa ya moto na imetulia, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta. Moshi mwepesi si neno. Kikirukaruka na moshi ukatoka kwa mipigo, huenda ringi zimechoka, na hakuna kopo litakalotibu hilo. Kagua kiwambo cha mpira kilicho ndani ya tapeti kava, maana injini nyingi za dizeli zina kitenganishi chao cha oili hapo. Kiwambo kikipasuka utasikia mluzi, na turbo itavuta oili bila kizuizi. Pengine hilo ndilo tatizo lako lote. Halafu angalia mipira ya intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo: ikivuja, hewa hupungua na masizi huongezeka. Injekta inayodondosha nayo huleta masizi yaleyale.

Usipite haraka kwenye kijiti cha oili. Gari lenye DPF, lile chujio la masizi kwenye ekzosi, hujisafisha kwa kuongeza dizeli silindani mwishoni mwa mwako, na safari fupi zikikatiza usafishaji huo, dizeli huteremka kwenye oili. Oili inapanda juu ya alama, inakuwa nyepesi, na ukungu unazidi. Ukikuta kijiti kimepita alama ya juu bila wewe kuongeza, mwaga oili na uweke mpya, ya daraja linalotakiwa na DPF.

Sasa usafishaji, kwa sababu kopo halitoi uchafu uliokwisha kuganda. Injini ipoe kabisa, toa waya wa betri, piga picha mipira na plagi zote kabla hujavuta hata moja. Toa valvu ya EGR, kipepeo cha hewa na manifoldi. Valvu ya EGR loweka ncha ya chuma tu; kichwa cha umeme kisiguse maji wala kiyeyushi, na usiilazimishe kufunguka kwa bisibisi, giya zake za ndani mara nyingi ni za plastiki na meno hukatika. Manifoldi ya alumini iloweke usiku mzima ndani ya dizeli au dawa ya kuondoa grisi, kisha isugue kwa brashi ya nailoni. Kostiki soda usiikaribishe kabisa: inakula alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Manifoldi ya plastiki ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, na vipepeo vyake vya ndani uvizungushe kwa kidole. Kimoja kikicheza kwenye mhimili wake, badilisha. Kikikatika kitaingia silindani na kuharibu pistoni.

Kwenye matundu ya silinda hedi ndipo watu huharibu injini. Zungusha kranki kwa spana, upande ule inaozunguka siku zote, mpaka valvu za kuingiza hewa za silinda unayoisafisha zifunge. Kwangua kwa kijiti cha mbao au plastiki huku mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi uko palepale. Matundu mengine yazibe kwa matambara, na uyahesabu unapoyaweka na unapoyatoa. Kipande kigumu kikikwama kati ya valvu na kiti chake, silinda hupoteza mgandamizo. Zile dawa za kupuliza kwenye mdomo wa hewa injini ikiwa inazunguka ziache dukani. Injini ya dizeli huchoma chochote kinachowaka kikiingia na hewa, na vipande vinavyong'oka vyote kwa pamoja huenda moja kwa moja kwenye pistoni na mapanga ya turbo.

Kila kitu kikauke kabisa. Kiyeyushi kilichobaki kwenye kona ya manifoldi kitavutwa kama mafuta siku ya kwanza ya kuwasha. Weka gasketi mpya, kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa vipimo vya kitabu cha injini hiyo. Bolti za milimita 6 kwenye alumini mara nyingi huishia karibu na 10 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), nazo hukatika kirahisi mkononi mwa mtu aliyezoea kukaza nati za magurudumu. Sensa ya presha iliyo kwenye manifoldi isafishe kwa dawa ya plagi za umeme, bila kuingiza kitu kwenye tundu lake. Ukimaliza, ifundishe kompyuta upya kwa skana nafasi ya EGR na ya kipepeo, la sivyo injini itatetemeka ikitulia na utaanza kutafuta ubovu usiokuwepo.

Sasa kopo la kunasa oili. Kwa injini ya lita 2 hadi 2.5, tafuta lenye ujazo wa mililita 500 au zaidi, na ndani liwe na vizuizi vya bati pamoja na wavu wa chuma kisichoshika kutu, au chujio lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Kopo tupu lenye matundu mawili juu ni pambo. Gesi hupita katikati na oili yake. Usijaze sufi ya chuma ya kusugulia sufuria, nyuzi zake hukatika na kuelekea kwenye turbo. Ukipata lenye valvu ya usalama inayofunguka chujio likiziba, chukua hilo hata kama ni ghali zaidi.

Matundu ya kopo yasiwe membamba kuliko mpira wa asili. Pima kwa ndani: kama mpira ni milimita 19, kopo la milimita 12 ni kizibo. Mpira mpya uwe wa kustahimili oili. Ule wa maji ya rejeta huvimba na kulegea ukiguswa na oili, na silikoni ya kawaida hutoa jasho la oili nje mpaka injini nzima ionekane inavuja. Chagua wenye ukuta mnene usiojikunja ukivutwa na turbo.

Lifunge kwenye bodi, mbali na turbo na bomba la ekzosi, mahali mkono unapofika. Mpira unaotoka tapeti kava uteremke kuelekea kwenye kopo, na unaotoka kwenye kopo upande hadi bomba la hewa lililo kabla ya turbo. Pasiwe na bonde popote. Bonde hukusanya oili na maji, na kwenye baridi kali maji hayo huganda na kuziba njia. Acha mpira legevu kidogo, maana injini inacheza na bodi haichezi. Wapo wanaoacha mpira wa pili ukining'inia chini ya gari. Harufu huingia kwa dereva, oili inadondoka barabarani, na unapoteza mvuto wa turbo unaosaidia kutoa gesi tumboni mwa injini.

Hapa sina mzaha nawe, mwanangu. Njia ya kupumulia ikiziba, presha hupanda tumboni mwa injini. Oili ya turbo hurudi kwenye sampu, ile trei ya oili chini ya injini, kwa uzito wake tu, kwa hiyo presha ndogo inatosha kuizuia, nayo hupita kwenye sili za turbo na kuingia njia ya hewa. Injini inaanza kuunguza oili yake yenyewe, mizunguko inapanda, na kuzima ufunguo hakusaidii kitu. Ikitokea kwenye gari la giya za mkono, weka giya ya juu kabisa, kanyaga breki kwa nguvu na uachie klachi ili izimike. Usipeleke kiganja kuziba mdomo wa hewa.

Ndiyo maana lazima upime. Chukua mrija unaoonyesha ndani, urefu kama mita 2, ukunje umbo la U, ujaze maji nusu, na uunganishe ncha moja kwenye tundu la kijiti cha oili. Pima injini ikiwa imetulia na ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kabla ya kufunga kopo na baada ya kulifunga. Tofauti ya milimita 100 kati ya maji ya upande huu na ule ni karibu milibari 10. Unachotafuta ni namba ya pili kukaa jirani na ya kwanza. Ikizidi kwa milimita 20 au 30, mimi ningelitoa kopo hilo na kutafuta lenye njia pana, wala nisingesubiri kuona kama litazoea.

Mwaga kopo mara ya kwanza ukifika kilomita 1,000, ndipo ujue ratiba yako. Lisipite nusu. Ukikuta kitu cheupe chenye umanjano kama malai, ni maji yaliyochanganyika na oili kwa sababu ya safari fupi, usiogope. Safari ndefu hukipunguza. Usikirudishe kwenye injini, kina maji, dizeli na tindikali ndani yake. Chujio la ndani libadilishe kila unapobadilisha oili mara mbili, au mapema ukiona presha ya mrija imepanda.

Baada ya kilomita 20,000 ingiza kamera ya mrija kupitia tundu la sensa ya presha. Vumbi jeusi kavu linalofutika kwa kidole ndilo tunalolitaka. Ukikuta ujiuji unaonata, usilaumu kopo kwanza: fungua mpira wa hewa kabla ya turbo, kisha ule wa baada yake. Kabla pakiwa pakavu na baada pakiwa na oili, sili za turbo ndizo zinazovuja, na oili hiyo inaingia baada ya kopo, mahali ambapo halina uwezo wa kuinasa. Pande zote mbili zikiwa na oili, rudi kwenye vizuizi vya ndani ya kopo na kile kiwambo cha tapeti kava.

Niandikie namba za mrija, za kabla na za baada, nizione.

Mama yako